Jina la Esposito limetoka wapi? Mwongozo kamili wa kufuatilia jina la ukoo la Kitaliano

Mtu akitaka kujua asili ya jina la Kitaliano, kitu cha kwanza anachouliza ni maana yake. Anaandika jina kwenye simu, anapata mstari mmoja kwamba Ferrari ni wahunzi au Rossi ni wenye nywele nyekundu, anaridhika, basi. Maana ndiyo sehemu rahisi kuliko zote, na ndiyo inayokuambia kidogo kuliko zote. Kila kijiji cha Emilia na Lombardia, kaskazini mwa Italia, kilikuwa na mhunzi wake. Kina Ferrari wawili waliokutana leo kwenye treni ya Milano huenda hawana hata tone la damu moja.

Mwongozo huu unaanzia pengine: karatasi za nyumbani kwanza, kisha mji, kisha daftari. Maana tutaikuta njiani. Nimechukua jina la Esposito kuwa mfano kwa sababu liko katika majina matano yaliyoenea zaidi Italia, pamoja na Rossi, Russo, Ferrari na Bianchi, na kwa sababu ndilo linalowakwamisha watafutaji wengi mapema. Ukilimudi hilo, mengine yatakuwa mepesi. Kama umeoa au umeolewa Italia, kama mzazi wako mmoja ametoka huko, au kama unao udadisi tu, hatua ni zilezile.

Kwanza tumjue Esposito mwenyewe

Jina linatamkwa Es-PO-si-to, mkazo ukiwa kwenye "po". Chimbuko lake ni Kilatini, expositus, yaani aliyewekwa nje, na lilikuwa jina la mtoto aliyeachwa.

Napoli, katika mtaa wa Forcella, lipo jengo la Annunziata, taasisi ya kanisa na hospitali iliyoanza karne ya 14. Kwenye ukuta wake wa upande wa barabara palikuwa na tundu, na ndani ya tundu pipa la mbao linalozunguka, waliloliita ruota. Mama, mkunga au jirani alimweka mtoto humo kwa upande wa nje, akalizungusha, akaenda zake bila uso wake kuonekana. Kwa ndani alikuwapo mwanamke wa zamu aliyempokea. Karani akaandika siku na saa, umri wa kukadiria, nguo alizokuja nazo mtoto, alama za mwilini, na chochote alichoachiwa: utepe, kikaratasi chenye jina, medali iliyokatwa nusu. Nusu ya pili ilibaki kwa mzazi, ili siku akirudi aweze kuthibitisha kwamba mtoto ni wake. Mtoto alibatizwa, akapewa jina la mtakatifu, na jina la ukoo likawa Esposito. Madaftari ya mapokezi hayo yapo tangu karne ya 17.

Jambo hilo liliendelea kizazi baada ya kizazi, katika mji uliokuwa miongoni mwa mikubwa ya Ulaya, na watoto wengine waliletwa kutoka vijiji vya mbali. Wengi walikufa wakiwa wachanga. Waliopona walikua, wakaoa, na wanaume wakawarithisha watoto wao jina. Usidhani wote walikuwa watoto wa nje ya ndoa. Wapo waliozaliwa ndani ya ndoa halali, wazazi wakashindwa kuwalisha katika mwaka wa njaa.

Utawala wa Joachim Murat, shemeji yake Napoleon aliyekuwa mfalme wa Napoli kuanzia 1808 hadi 1815, ulipiga marufuku kuwapa watoto wa kuokotwa jina hilo, maana lilimtangaza mtu mpaka kaburini. Tangu hapo kila mtoto alipaswa kubuniwa jina lake. Kwa mtafutaji hilo ni balaa jingine: kuna familia zenye jina lisilodokeza chochote, kumbe babu wa babu alipewa jina hilo asubuhi moja na karani aliyekuwa akilitunga papo hapo. Ruota ya Annunziata ilifungwa 1875, lakini bado ipo mahali pake na wageni huenda kuiona.

Miji mingine ilikuwa na desturi zake. Roma ni Proietti, kutoka neno la Kitaliano la mtoto "aliyetupwa", na watoto hao walipokelewa hospitali ya Santo Spirito, karibu na Vatikani. Milano ni Colombo, njiwa, kwa sababu njiwa alikuwa kwenye nembo ya Ospedale Maggiore. Firenze ni Innocenti au Degl'Innocenti, kutoka hospitali iliyosanifiwa na Brunelleschi. Mtoto wa kwanza kupokelewa pale, Februari 1445, ni msichana aliyeitwa Agata Smeralda. Sicilia, hasa Catania, utakutana na Trovato, "aliyepatikana". Bologna na Emilia ni Degli Esposti, na ukivuka hadi Hispania ni Expósito.

Ila usikimbilie kuhukumu. Colombo ni jina la ukoo lililotokana pia na jina la kawaida la mtu, la Wakristo wa kale. Cristoforo Colombo, baharia wa Genova, alikuwa mtoto wa Domenico Colombo, mfumaji wa sufu, na habari za njiwa wa Milano hazimhusu. Jina moja laweza kuwa na chemchemi kadhaa, na kinachokuonyesha ni ipi ni mahali, si kamusi.

Hatua ya 1: Kusanya kilichopo nyumbani

Kabla ya kufungua tovuti yoyote, chukua daftari na uandike: majina kamili ya kila mtu unayemjua wa upande huo, mwaka wa kuzaliwa hata wa kukisia, alipozaliwa, alipofia, alioana na nani. Tafuta pasipoti za zamani, vyeti vya ubatizo, barua, picha zenye maandishi nyuma, kadi za misa ya wafu. Muhuri wa posta kwenye bahasha umewahi kutatua kesi nyingi kuliko kumbukumbu za wazee.

Andika majina ya wanawake kwa uangalifu kuliko ya wanaume. Mwanamke wa Kitaliano hubaki na jina la baba yake katika hati zote za serikali, kuanzia kuzaliwa hadi kufa. Ukimtafuta bibi kwa jina la mumewe kwenye daftari la Italia hutampata. Na kama jina la mume ni Esposito, ambalo limejaa kila ukurasa, jina la mke ndilo litakalokutoa kwenye msongamano. Waliofunga ndoa wakiitwa Esposito na Russo ni wengi mno, lakini Esposito na mke mwenye jina adimu la kijiji fulani huwa ni wanandoa wale wale unaowatafuta.

Uliza pia majina ya kwanza. Kusini mwa Italia, desturi ilikuwa mtoto wa kwanza wa kiume achukue jina la babu mzaa baba, wa pili la babu mzaa mama, na mabinti vivyo hivyo kwa mabibi. Kwa hiyo orodha ya watoto wa nyumba moja inakudokezea majina ya wazazi wa wazazi kabla hujaona hati hata moja.

Kuna dokezo jingine ambalo wageni huliruka: mtakatifu wa mji. Gennaro anaashiria Napoli, lakini jina hilo limesambaa mno. Ukikuta Catello kwenye familia, macho yaende Castellammare di Stabia, maana San Catello ndiye mlinzi wa pale. Costanzo ni Capri. Antonino ukiwa Campania, mkoa wenye Napoli, ni Sorrento. Gerardo ni Potenza na milima inayoizunguka, Matteo ni Salerno, na Agata ni Catania. Kama bibi alikuwa akiwasha mshumaa kwa mtakatifu ambaye hakuna mwingine anayemjua, muulize ni nani na sikukuu yake ni lini. Jibu laweza kukuokolea miezi.

Hatua ya 2: Rudisha tahajia ya asili

Jina likisafiri huchakaa. Esposito amegeuka Sposito, Spositi, Esposti, na kwenye rasi ya Sorrento utamkuta D'Esposito. Tafuta zote. Jihadhari na herufi ya mwisho: karani wa Marekani au Argentina aliyeandika "Espositi" alikuwa anaandika alichosikia.

Hapa niseme jambo moja, maana hadithi hii haichoki: kwamba majina ya Wataliano yalibadilishwa na maofisa wa Ellis Island. Kituo hicho cha New York kilifunguliwa 1892, na maofisa wake walifanya kazi na orodha za abiria zilizoandikwa tayari na kampuni ya meli kule bandarini mtu alikopandia. Walisoma na kuhakiki, hawakutunga. Mabadiliko mengi yalikuja baadaye: mwalimu shuleni, msimamizi kazini, au mwenye jina mwenyewe alipoomba uraia. Kwa hiyo kwenye orodha ya meli tafuta jina la Kitaliano kamili, si lile la Kiingereza.

Umbo la jina lenyewe nalo linazungumza. Majina yanayoishia na -u, kama Cossu, na mengine kama Piras, Sanna na Lai, ni ya Sardinia. Yaliyokatwa mwisho yakabaki na konsonanti, kama Trevisan au Benetton, ni ya Veneto. De, Di na D' yamejaa kusini. Wekundu wa nywele ni Rossi kaskazini na katikati, ila ukishuka kusini anakuwa Russo.

Hatua ya 3: Maana, bila papara

Majina mengi ya Kitaliano yanaingia katika mafungu manne. Kuna yanayotokana na jina la baba, kama De Luca na Di Giovanni. Kuna ya mahali, kama Romano na Lombardi. Kuna ya kazi, kama Ferrari, Sartori (fundi cherehani) na Barbieri (kinyozi). Kuna ya utani au sura, kama Rossi na Bianchi. La tano ni hili letu la watoto wa kuokotwa. Ukishajua fungu, pita. Usikae hapo.

Na tafadhali usinunue nembo. Kuna wauzaji wa mtandaoni watakaokupa cheti chenye ngao, simba na taji la "ukoo wa Esposito". Ngao zilitolewa kwa familia mahususi, hazikutolewa kwa kila mwenye jina, na kwa jina lililogawiwa watoto wachanga kwenye tundu la ukuta ngao hiyo ni kichekesho.

Hatua ya 4: Soma ramani

Tovuti ya Cognomix inaonyesha jina limekaa mikoa gani leo. Andika jina, tazama ramani. Esposito itawaka Campania, na Napoli ndipo penye moto. Halafu utaona Lazio, Lombardia na Piemonte. Usidanganywe na hayo matatu: hao ni watu wa kusini waliohamia Roma, Milano na viwanda vya Torino, hasa katika miaka ya 1950 na 1960.

Kanuni ya kusoma ramani ya majina: usitazame mahali penye watu wengi wenye jina, tazama mahali jina lilipo zito kulinganisha na wakazi. Mji mdogo wenye familia 60 za jina adimu una uzito kuliko Milano yenye 90. Kwa Esposito ramani haikupi zaidi ya mkoa. Kwa jina adimu, hatua hii peke yake inaweza kukufikisha hadi kijijini. Ndiyo maana hapa uweke kwenye ramani jina la bibi pia, uone maeneo ya majina mawili yanakutana wapi.

Hatua ya 5: Tafuta manispaa

Hii ndiyo hatua inayoamua yote. Italia haina daftari moja la taifa unaloweza kutafuta mtu kwa jina. Kila manispaa, comune kwa Kitaliano, iliandika watu wake na kutunza madaftari yake. Bila comune huna kitu, hata ujue maana ya jina kwa Kilatini na Kigiriki.

Familia nyingi zilizohama husema "sisi ni wa Napoli". Mara nyingi Napoli hiyo ni mkoa, au ni bandari walikopandia meli. Maelfu kwa maelfu ya watu wa Basilicata, Calabria na Molise, mikoa mingine ya kusini, waliondokea hapo na hawakuwahi kulala zaidi ya usiku mmoja mjini.

Kwa waliokwenda Marekani, tafuta orodha za abiria za kuanzia 1907, zinapatikana bure kwenye tovuti ya FamilySearch na kwenye hazina ya Ellis Island. Kuanzia mwaka huo fomu ni ya kurasa mbili, ikiwa na mahali pa kuzaliwa na jina la ndugu aliyebaki nyumbani pamoja na mji wake. Wengi huangalia ukurasa wa kushoto pekee wakaondoka. Kwa Argentina kuna hazina ya CEMLA, kituo cha utafiti wa uhamiaji cha Buenos Aires, na kwa Brazil rekodi za nyumba ya wahamiaji ya São Paulo, ambayo sasa ni makumbusho. Hati za kuomba uraia, vyeti vya ndoa vya kanisa na kadi za usajili wa jeshi wakati wa Vita vya Kwanza na vya Pili pia hutaja mji.

Hatua ya 6: Ingia kwenye madaftari

Sasa fungua Antenati, tovuti ya Wizara ya Utamaduni ya Italia. Ni bure. Kuna njia mbili: kutafuta kwa jina la mtu, ambayo inafanya kazi kwa sehemu ndogo tu ya madaftari yaliyoorodheshwa, na kutafuta kwa mahali, ambayo ndiyo ya kazi. Chagua comune, chagua mwaka, chagua aina ya daftari: Nati ni waliozaliwa, Matrimoni ni ndoa, Morti ni vifo.

Madaftari ya serikali yalianza lini inategemea ulipo. Kusini bara, uliokuwa ufalme wa Napoli, ni 1809. Sicilia ni 1820. Sehemu nyingine zilikuwa na madaftari ya zama za Napoleon, yakakatika. Mfumo mmoja wa nchi nzima unaanza 1866, na Veneto inaingia 1871. Ndiyo maana mwenye asili ya kusini ana bahati: anaweza kurudi nyuma karne mbili bila kugonga mlango wa kanisa.

Usianze ukurasa wa kwanza. Nenda mwisho wa daftari, kwenye indice, faharasa ya mwaka, au tafuta tavole decennali, faharasa za miaka kumi kumi. Kumbuka karani huandika jina la ukoo kwanza: Esposito Gennaro, si Gennaro Esposito. Na kuna faharasa zilizopangwa kwa jina la kwanza, kwa hiyo ukikosa chini ya E jaribu G.

Hati ya kuzaliwa ya kusini ya karne ya 19 ni fomu iliyochapwa, karani akijaza nafasi. Huanza: "L'anno mille ottocento...", mwaka ukiandikwa kwa maneno, kisha siku, mwezi na saa, kisha "avanti di noi", mbele yetu, ofisa wa manispaa fulani, "è comparso", amefika fulani. Aliyefika kwa kawaida ni baba au mkunga. Umri wake unatajwa, kazi yake, mtaa anaokaa. Upande wa kulia kuna safu ya ubatizo: padri yupi, kanisa lipi, siku gani. Safu hiyo ni dhahabu, maana inakuonyesha parokia ya kufuatilia baadaye.

Ukutane na maneno mawili mafupi yatakayokusaidia kila ukurasa. "Gennaro di Antonio" maana yake Antonio, baba, yu hai siku hati ilipoandikwa. "Gennaro fu Antonio" maana yake Antonio ameshafariki. Ukiona "di" kwenye hati ya 1842 na "fu" kwenye ya 1847, umeshajua kifo cha Antonio kitafutwe kati ya miaka hiyo. Ukiona "di N.N.", baba hajulikani, alama hiyo iliwaaibisha watu shuleni na kazini hadi sheria ya 1955 ilipoondoa majina ya wazazi kwenye nyaraka za kawaida.

Tarehe nazo zina mtego. Makarani waliandika 7bre, 8bre, 9bre na Xbre. Usisome Julai, Agosti, Septemba na Oktoba. Ni Septemba, Oktoba, Novemba na Desemba, kwa hesabu ya Kilatini.

Ukipata ndoa, usiishie kwenye cheti chenyewe. Tafuta allegati, au processetti, bahasha ya viambatisho ambayo wachumba walipaswa kuleta. Kusini, humo mna nakala ya kuzaliwa kwa bwana na bibi harusi, vyeti vya vifo vya wazazi waliotangulia, na kama baba alishakufa, mara nyingi na cha babu. Bahasha moja inaweza kukupa vizazi vitatu kwa mkupuo. Ningelazimika kuchagua aina moja tu ya hati kati ya zote za Italia, ningechagua hii.

Hatua ya 7: Unapofika kwa mtoto wa kuokotwa

Umerudi nyuma, Esposito baada ya Esposito, mpaka siku moja hati ya kuzaliwa inakuwa tofauti. Aliyefika mbele ya ofisa si baba wala mkunga. Ni mwanamke anayetajwa kuwa ricevitrice dei proietti, mpokeaji wa watoto wa kuokotwa. Anasema saa fulani ya usiku kengele ililia, akamkuta mtoto wa kiume kwenye ruota. Zinafuata nguo zake: kitambaa cheupe kilichochakaa, kofia, kamba. Halafu ofisa anaandika kwamba amempa jina hili na hili la ukoo. Kwa hati za baada ya Murat, hapa ndipo utakapoona jina la familia likizaliwa mbele ya macho yako, likiwa na tarehe na saa. Ni majina machache duniani yenye mwanzo unaojulikana hivyo.

Kama familia yako tayari ilikuwa Esposito wakati madaftari ya serikali yanaanza 1809, basi kuokotwa kulitokea kabla, na utalazimika kwenda kwenye parokia au, kwa Napoli, kwenye madaftari ya Annunziata. Lakini kumbuka kwamba miji mingi midogo ya kusini ilikuwa na ruota yake. Esposito wa kijiji cha milimani huenda hakuwahi kuiona Napoli.

Mambo matatu ya kuangalia kabla ya kukata tamaa. Moja, pembezoni mwa hati: mzazi aliyerudi kumtambua mtoto, au wazazi waliooana baadaye, huandikwa hapo. Pili, hati ya ndoa ya mtoto huyo, ambapo mwanamke aliyemnyonyesha na kumlea anaweza kutajwa. Tatu, madaftari ya taasisi yenyewe, ambayo hueleza mtoto alipelekwa kwa mama mlezi gani na kijiji gani, maana wengi walilelewa nje ya mji.

Usipopata, umefika mwisho wa karatasi, na hapo kipimo cha DNA ndicho kilichobaki. Kinaweza kukuonyesha ndugu wa mbali, ila jina la mama aliyezungusha ruota halimo humo.

Hatua ya 8: Parokia

Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa Kanisa Katoliki uliomalizika 1563, uliwaagiza mapadri kuweka daftari la ndoa na la ubatizo, na mwongozo wa ibada wa 1614 ukaongeza vifo na stato delle anime, orodha ya watu wa kila nyumba. Kwa hiyo mahali palipotunzwa vizuri unaweza kurudi hadi mwisho wa karne ya 16. Mwandikie padri kwa Kitaliano, taja tarehe moja au mbili tu, toa sadaka, na vumilia. Padri hana wajibu wa kukutafutia. Parokia zilizofungwa zilipeleka madaftari yao kwenye hifadhi ya nyaraka ya jimbo la Kanisa.

Hatua ya 9: Fuata waliohama

Kati ya 1880 na 1915 Wataliano wapatao milioni 13 waliondoka nchini. Kutoka kaskazini wengi walikwenda Ufaransa, Uswisi, Brazil na Argentina, na kutoka kusini Marekani ndiyo iliyovuta zaidi. Kina Esposito walikuwamo. Phil na Tony Esposito, ndugu wawili waliotamba kwenye hoki ya barafu, ni wazaliwa wa Sault Ste. Marie, Ontario. Mwigizaji Giancarlo Esposito alizaliwa Copenhagen 1958, baba yake Mtaliano wa Napoli na mama yake Mmarekani mweusi. Raffaele Esposito, mpishi wa pizza ambaye hadithi ya pizza ya Margherita ya 1889 inamtaja, alibaki nyumbani.

Huku kwetu majina ya Kitaliano yalikuja kwa njia nyingine. Wamisionari Wataliano wa Consolata walifika Kenya 1902. Vita vya Pili vilileta wafungwa wa kivita Wataliano kwa maelfu, na kikanisa kidogo cha Mai Mahiu, kando ya barabara inayoteremka Bonde la Ufa, ni kazi ya mikono yao. Nyeri kuna kanisa la kumbukumbu lenye mabaki ya wanajeshi hao, na Duke wa Aosta, Amedeo, aliyefia Nairobi 1942, amelazwa hapo. Kisha wakaja watu wa hoteli na biashara wa Malindi na Watamu. Kama jina unalolifuatilia liko kwenye jiwe la Nyeri, anza na rekodi za jeshi la Italia: zilipangwa kwa wilaya alikoandikishwa mtu, na kwa kawaida zinataja comune alikozaliwa. Kama liko Malindi, ubalozi wa Italia ulioandikisha ndoa au kuzaliwa ulipeleka nakala kwa comune ya mhusika, kwa hiyo karatasi hiyo ipo pia Italia.

Watakaokwambia kwamba jina la Kitaliano linakupa pasipoti, waambie wasome sheria. Uraia unafuata ukoo uliothibitishwa kwa hati, na tangu sheria namba 74 ya 2025 njia hiyo imebanwa, kwa jumla isivuke kizazi cha babu na bibi.

Hatua ya 10: Andikia manispaa

Hati za miaka 70 ya karibuni hazipo mtandaoni kwa sababu za faragha, na kuna madaftari ya zamani ambayo hayajapigwa picha. Hapo unaandikia Ufficio di Stato Civile, ofisi ya usajili wa vizazi, ndoa na vifo, ya comune husika. Andika Kitaliano kifupi, ukiomba kwa heshima nakala ya hati ya kuzaliwa na kutaja jina la mtu, mji, mwaka wa kukadiria na baba yake, hivi:

"Gentile Ufficio, chiedo cortesemente la copia integrale dell'atto di nascita di Esposito Catello, nato a Castellammare di Stabia circa nel 1889, figlio di Esposito Antonio. Allego copia del mio documento. Cordiali saluti."

Badilisha majina na tarehe, ambatisha nakala ya pasipoti yako, na eleza sentensi moja wewe ni nani kwa mtu huyo. Omba mtu mmoja kwa barua moja. Ukiorodhesha majina kumi barua itawekwa pembeni. Usipojibiwa baada ya mwezi na nusu, rudia barua ileile kwa adabu ileile.

Angalia maneno "copia integrale", nakala ya hati nzima. Ukiomba cheti cha kawaida, karani atakutumia muhtasari wenye jina, tarehe na mahali, pengine bila hata majina ya wazazi. Kama muhtasari ndio pekee wanaoweza kutoa, omba uwe "con paternità e maternità", yaani wenye majina ya baba na mama. Nakala nzima inakuja na pembezoni zake, na hapo ndipo makarani waliofuata walipoandika ndoa, kutambuliwa na mzazi, kubadilishwa kwa jina, na nyakati nyingine jina la mji mwingine ambao hukuwa umeufikiria, utakaoanza nao upya kwenye hatua ya sita.